Gari Lisilorudi Nyuma

Vijana wa kununua vyuma chakavu walipofika, walinikuta nimepiga magoti kando ya gari la Baba, pua yangu imegusa kishikio cha mlango wa nyuma. Walitazamana. Sikuwalaumu, mama mtu mzima, nguo ya msiba bado iko mwilini, ananusa gari asubuhi na mapema. Lakini gari zima lilikuwa limeliwa na kutu, bampa imetoboka, milango imelegea, isipokuwa kishikio kile kimoja. Kilikuwa king'avu, na kilinuka mawese. Niliwaambia wale vijana wangoje kidogo, wakaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipaka gari lile mawese, lakini kazi hiyo niliiacha nikiwa bado mtoto. Hewa ya ziwa haina huruma na chuma, na kwetu Rumonge dawa ya kila kitu, kuanzia ngozi ya mtoto mchanga hadi bawaba ya mlango, ni mawese. Kila Ijumaa baada ya chai, Bibi, mama yake Baba, alinipa tambara na mabaki ya chungu. Nilianza na bampa, nikaja kwenye vishikio, nikamalizia na pua. Maana gari lile lilikuwa na pua. Katikati ya uso wake palichomoza duara la chuma kama pua ya ndege, na watoto wa mtaani walikuwa wakibishana kama liliwahi kuruka. Niliwaapia kwamba liliwahi. Mtoto wa pekee lazima awe na kitu cha kujivunia.

Jina la kampuni iliyolitengeneza lilikuwa refu na halikukaa vizuri mdomoni, kwa hiyo mtaa mzima ukaliita Mmarekani. Babu yangu alikuwa shoferi wa Mzungu mwenye mashamba ya michikichi. Mzungu alipoondoka moja kwa moja, funguo zilibaki mfukoni mwa Babu, kisha zikahamia mfukoni mwa Baba. Ndani ya gari kulikuwa na kijitabu cha Kifaransa chenye picha, na siku ambazo Baba alikuwa na furaha alinipakata nyuma ya usukani akanisomea. Wenye kampuni walikuwa ndugu wa tumbo moja, wahunzi, ndevu zao hadi kifuani. Walianza kwa kuwavisha farasi viatu vya chuma na kuunda mikokoteni. Mikokoteni yao ilibeba watu waliohama na kila walicho nacho kuelekea magharibi, ikabeba askari vitani, na baadaye sana ndipo wakaingia kwenye mambo ya injini.

"Unaona, Zena?" Baba aliniambia. "Hawakuanza na gari. Walianza na nyundo."

Magharibi mimi niliijua moja tu, ile milima ya bluu ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Na kwa kuwa Baba alisema gari lilikuja na meli, sikuwa na shaka kwamba Marekani ni pale. Siku ambazo hewa ilikuwa safi nilisimama ufukweni nikitafuta mikokoteni.

Kulikuwa na sifa moja ambayo Baba alimwonesha kila mgeni. Alipandisha gari kwenye mpando wa kwenda Bururi, akalisimamisha katikati ya mlima, mguu mmoja juu ya klachi, halafu akauondoa mguu wa breki na kukunja mikono kifuani. Gari jingine lingeteremka kinyumenyume hadi majini. Letu lilisimama tuli. Ndivyo walivyoliunda kule kwao, kuna kifaa ndani kinachokataa kuliachia. Wageni walishika viti kwa hofu, na Baba alicheka.

"Hii gari iko kama mimi," alisema. "Hairudi nyuma."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Siku ya harusi yake alikwenda na gari hilo kumchukua Mama kwao Nyanza-Lac. Alipotaka kuligeuza mbele ya nyumba ya wakwe, gia ya kurudi nyuma ikatoa mlio mmoja wa kuvunjika, na haikuingia tena. Mahali pengine wangesema ni mkosi. Kwetu, gari la bibi harusi halirudishwi nyuma hata hatua moja, bibi harusi naye asije akarudi kwao. Shoferi akikosea njia ni lazima azunguke, hata kama ni kuzunguka mji mzima. Sasa limepatikana gari ambalo hata likitaka haliwezi! Wanaume walilinyanyua kwa mkia wakaligeuza, wanawake wakapiga vigelegele juu ya gia iliyovunjika. Tangu siku ile, familia yoyote ya Rumonge au Gatete iliyokuwa na binti wa kuoza ilikuja kwanza kwa Baba, ndipo ikaenda kwa mpishi.

Basi tukaishi na gari la kwenda mbele tu. Baba alibomoa ukuta wa nyuma akaweka lango la pili, tuingie kwa huku tutokee kwa kule. Mara moja alijisahau akateremka hadi ufukweni, kwa wavuvi wa ndagala, na wale wavuvi walimsukuma kumtoa huku wakimwimbia nyimbo za bibi harusi. Siti ya nyuma ilinuka udi mwaka mzima. Nilipokosa wa kucheza naye nililala pale, nikihesabu bibi harusi niliowaona na kuchagua nitakavyokuwa mimi.

Mama naye aliondoka akiwa kwenye siti hiyohiyo.

Ilikuwa asubuhi. Alikuwa amevaa vizuri, amejitanda, sanduku lake miguuni. Baba alikuwa mbele, hakugeuza shingo. Majirani walisimama milangoni na hakuna aliyepiga kigelegele, jambo lililonishangaza, kwa sababu nilishajua kinachoendelea.

"Bibi," niliuliza, "Mama anaolewa tena?"

"Nyamaza, mutoto."

Mama alitoa mkono dirishani akanishika shavu. Kiganja chake kilinuka vitunguu, maana alikuwa ametupikia kabla ya kuondoka. Alisema nisimsumbue Bibi, nioge jioni, nisilale na nywele zimefumuliwa. Kisha Mmarekani akatokea lango la nyuma, kama kawaida, akaenda mbele.

Sikulia. Kwa akili yangu, mwanamke akiketi nyuma ya Mmarekani ni bibi harusi, na bibi harusi anakaa fungate siku saba, halafu anarudi kusalimia kwao. Na kwao Mama ni wapi kama si kwetu? Nilihesabu siku saba. Siku ya saba nilisugua gari zima peke yangu, ingawa haikuwa Ijumaa, nikavaa gauni la Idi, nikakaa langoni. Watu walipita kwenda sokoni, wakapita kurudi. Jioni Bibi alikuja akanishika mkono akaniingiza ndani. Siku ya nane nilianza kuelewa kuwa nyumba imekuwa kubwa.

Sababu ya yote niliijua baadaye, na ni ndogo mpaka inauma. Mama aliomba ruhusa ya siku tatu kwenda kumuuguza mama yake, akakaa siku kumi. Aliporudi Baba aliuliza, Mama akajibu, sauti zikapanda, majirani wakasikia. Na Baba, kwa sababu majirani wamesikia, akatoa talaka. Moja tu. Talaka moja ina dawa yake: ndani ya edda, ile miezi mitatu, mume anamrejea mkewe kwa neno tu, bila mahari wala shehe. Rumonge yote ilijua hivyo. Baba pia alijua.

Bibi hakumwacha apumue. Kila baada ya chakula alianza.

"Rajabu, edda inaenda. Enda umuchukue muke wako."

"Nilishasema, Mama."

"Neno si musumari. Inatoka."

"Mboga iko wapi?" Baba aliuliza, na mboga ilikuwa mbele yake.

Niliwasikiliza nikiwa nimejikunja kwenye mkeka, nikaelewa kwa njia yangu. Nilimwona Baba anavyokwenda kusimama karibu na gari kila alasiri, mkono juu ya paa, haingii wala haondoki. Kumbe anataka kumleta Mama, nikajisemea, ila gari ndilo haliwezi. Gari lilimpeleka na gari halirudi nyuma, kila mtu anajua. Watu wazima wamesahau jambo rahisi kama hilo. Wakitengeneza gia, Mama atarudi.

Siku iliyofuata, badala ya kwenda shule, nilikwenda kwa Fundi Nestori. Alikuwa mtu wa Gatete, mwembamba, mkimya, garaji yake ilikuwa bati nne juu ya nguzo, na ndiye pekee ambaye Baba alimruhusu kugusa Mmarekani.

"Amahoro, Papa Nestori."

"Amahoro, mukobwa wanje, binti yangu. Rajabu amekutuma?"

"Hapana. Nataka utengeneze gari yetu irudi nyuma."

Alicheka. "Hiyo marche arrière nikiitengeneza, mabibi harusi yote watakimbia. Nani atapanda?"

"Mama ameshindwa kurudi."

Aliacha kucheka. Aliweka spana chini, akajifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Iko shida," alisema mwishowe. "Hakuna pièce, hakuna spea. Wale watu wa Marekani walifunga kiwanda yao zamani, wewe hujazaliwa. Gari zao zilizobaki ziko yatima. Ikivunjika kitu, hakuna mahali pa kuuliza."

Hilo lilinipiga. Nilikuwa nimewaweka wale ndugu wenye ndevu pale ng'ambo ya ziwa miaka yote, wanafua chuma, wanatungoja tukiwahitaji. Kumbe pale ng'ambo hapakuwa na mtu. Machozi niliyoyazuia tangu Mama aondoke yalitoka yote kwa ajili ya watu wa kwenye kijitabu.

"Baba anasema walianza na nyundo," nilimwambia nikilia.

Fundi Nestori aligeuka akatazama zana zake. "Ee," akasema. "Nyundo iko."

Alikuja kwetu kesho yake baada ya alasiri. Nilijificha nyuma ya mlango. Nilimsikia akisalimia, akikataa kiti, akikohoa.

"Mutoto wako alikuja kwangu, Rajabu. Anataka marche arrière. Anasema mama yake ameshindwa kurudi."

Nilichungulia kwenye ufa, nikamwona Baba anautazama mpini wa gia kupitia dirisha la gari kana kwamba hajawahi kuuona. Nilingoja anifokee.

"Fungua," akasema.

Ile ndiyo furaha kubwa niliyowahi kuipata katika nyumba ile. Mmarekani aliwekwa juu ya mawe, sanduku la gia likashushwa kwenye mkeka, na Fundi Nestori akaokota gia kutoka kwenye mashine mbovu ya kukamua mawese, akaanza kuichonga kwa tupa, jino baada ya jino. Kila niliporudi kutoka shuleni nilikaa karibu yake. Anachonga, anajaribu, haikai. Anaitoa, anapima kwa uzi, anachonga tena. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Baba alikuwa akitoka nje mara nne kwa siku.

"Bado?"

"Bado kidogo."

Familia mbili zilikuja kuomba gari la harusi. Ziliona matumbo ya Mmarekani kwenye mkeka, zikauliza kinachotengenezwa, zikaambiwa. Hazikurudi. Habari ilienea kuwa Mmarekani wa Rajabu anafundishwa kurudi nyuma, na mama gani mwenye akili atamweka binti yake ndani ya kitu kama hicho? Bibi alikaa barazani akihesabu kwa vidole, midomo inacheza. Nilidhani ni tasbihi.

Siku gia ilipokaa, Baba alioga, akavaa kanzu yake nyeupe na kofia ya Ijumaa, akatoa kwenye sanduku lake doti ya kanga mpya, akaiweka kwenye siti. Hakumuaga mtu. Alishika barabara ya kusini kabla ya adhuhuri. Nilidhani anakwenda kulijaribu gari, na kanga ni zawadi ya mke wa fundi. Nilikaa langoni tena, safari hii bila gauni la Idi, kwa sababu sasa nilikuwa na uhakika.

Alirudi alasiri. Alisimama barabarani, mbele ya lango la mbele, akageuza pua ya gari upande wa pili, halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, mlio mwembamba wa kulalamika. Mmarekani aliingia uani kinyumenyume, taratibu, amenyooka. Nilipiga makofi. Nilikimbia hadi mlango wa nyuma, nikashika kishikio, nikafungua. Kwenye siti palikuwa na ile doti ya kanga, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani.

Baba hakushuka. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani.

"Mupelekee Bibi hiyo kanga," alisema. "Umwambie nimekula."

Hakuwa amekula. Nilimjua Baba akiwa na njaa. Bibi alipokea kanga, akaitia chini kabisa ya sanduku lake, akaenda kusali wakati ambao haukuwa wa sala. Funguo za Mmarekani zilitundikwa kwenye msumari na hazikushuka tena. Baba alianza kuuza mawese sokoni, kwa baiskeli.

Nilipata maelezo yangu mwenyewe, kama kawaida. Gari limetengenezwa, Mama hajaja, na bibi harusi wamekimbia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu kazi ya Baba na jina lake, bila faida yoyote, na Baba anajua, na ndiyo maana hanitazami. Niliacha kupaka mawese. Niliogopa kuonekana karibu na lile gari. Baba hakunigombeza hata siku moja, na jinsi alivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kuamini. Tulikula sahani moja miaka mingi, yeye kwa upande wake, mimi kwa wangu, Bibi katikati akitusogezea minofu ya samaki wa mukeke. Bibi alipokufa hapakuwa na wa kusogeza. Nilipopata kazi ya ualimu Bujumbura niliondoka kama mtu anayekimbia deni, na nilipokuja kusalimia tuliongea habari za mvua na bei ya mawese.

Mama aliolewa na mtu wa Kigoma. Ilipokuja vita, watu wa kusini walivuka mpaka kukimbilia huko, na yeye akabaki hukohuko. Nilimwona mara tatu tangu niwe mkubwa. Tulikuwa tukikaa kwenye mkeka wake, watoto wake wengine wakiingia na kutoka, na sikuthubutu kuuliza lolote. Niliogopa atasema alikuwa akifurahi kule.

Jirani aliniambia siku ya msiba kuwa Baba, hata alipokuwa hawezi kusimama sawasawa, alijikongoja kila Ijumaa na tambara mkononi. Sikumwelewa mpaka nilipopiga magoti asubuhi ile na kunusa. Mikono ya mzee haikuweza kulihudumia gari zima. Alichagua kishikio kimoja.

Niliufungua ule mlango. Uligoma, kisha ukakubali. Niliketi kwenye siti ya nyuma, juu ya springi zilizotoboa ngozi, nikampigia Mama simu. Tulikuwa tumeshapeana pole siku ya msiba. Safari hii nilimwambia tu kwamba wamekuja kuchukua gari.

Mama aliuliza, "Lile lile?"

"Lile lile."

"Nililiona mara ya mwisho nyumbani kwa baba yangu, Nyanza-Lac," alisema. "Alipokuja kunichukua."

"Nani alikuja kukuchukua?"

"Baba yako. Hukujua? Alikuja na kanzu nyeupe, kanga mkononi, amesimama nje kama mchumba. Edda ilikuwa imeshakwisha tangu siku tisa. Baba yangu alikuwa ameshapokea posa ya huyu wa Kigoma, na baba yangu naye neno lake likishatoka limetoka. Rajabu hakujua kuomba msamaha, unamjua. Akaniambia, 'Mama Zena, gari sasa inarudi nyuma.' Basi, ndiyo maneno yote aliyokuja nayo."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha kizee, kikakatika.

"Ningemkubali, Zena. Miezi mitatu mizima nilikuwa nasikiliza kila gari linalopita barabarani. Nikamwuliza, mbona umechelewa hivi? Akasema gari lilikuwa limefunguliwa, fundi anachonga gia. Nikamwambia, kuna basi, Rajabu. Ungekuja hata kwa baiskeli. Akasema hakutaka kunirudisha kwa gari bovu, akainama chini." Nilimsikia akivuta pumzi. "Mpaka leo kuna kitu kimoja huwa najiuliza. Gari lilikuwa linakwenda vizuri. Ni nani alimpa shauri la kulifungua wakati ule, kati ya nyakati zote?"

Nje, vijana walikuwa wamesimama, wanakung'uta mchanga kwenye suruali. Mmoja wao alishikilia nyundo kubwa begani, ananingoja nitoke.

Baba alijua ni nani. Alikwenda Nyanza-Lac akijua, akaulizwa akijua, na hakutaja jina langu.

"Zena? Uko hapo?"

"Niko, Mama," nilimwambia. "Niko peke yangu."